Chumvi ya Chunguni na Vyakula Vingine Vinavyopotea Ufilipino

Mwezi huu tunaomba tukuondoe kidogo jikoni kwako tukupeleke Ufilipino, nchi ya visiwa 7,641 iliyoko Mashariki ya Mbali, ambako watu wengi ni Wakristo na ambako tui la nazi hutumika karibu kama linavyotumika kwetu Pwani. Ukiingia katika jiko la mama wa huko hutajiona mgeni sana. Ukwaju utaukuta, nao wanauita sampalok. Mbirimbi utazikuta kwa jina la kamias, zikitiwa katika mchuzi wa samaki ili uwe mkali. Mbaazi zipo, fenesi lipo, magimbi yapo, hata majani ya mlonge yapo, na mchuzi wa kuku bila majani hayo huonekana umepungukiwa. Lakini mwombe mama huyo akutajie vitu ambavyo bibi yake alivipikia. Utasikia kwamba vingine havionekani tena sokoni, na vingine watoto wake hawavijui hata kwa jina.

Tunaposikia kwamba chakula cha asili kinapotea, upesi tunafikiri kwamba mti umekatwa wote au mbegu imekwisha. Wakati mwingine ni kweli. Huko Ufilipino, hata hivyo, mara nyingi mti bado upo na bahari bado ipo. Kilichopungua ni mikono inayoijua kazi, na muda wa kuifanya.

Tuanze na chumvi, maana habari yake ni ya ajabu. Katika kisiwa cha Bohol, kwenye mji mdogo wa Alburquerque ulioko ufukweni, hutengenezwa chumvi iitwayo asin tibuok, yaani chumvi nzima, isiyovunjwa. Haianikwi juani kama chumvi yetu ya Pwani. Kwanza makumbi ya nazi hulowekwa katika mashimo ya maji ya bahari kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, hata yanywe chumvi ya kutosha. Kisha hutolewa, hukatwakatwa, hukaushwa, halafu huchomwa polepole kwa siku kadhaa, huku moto ukinyunyiziwa maji ya bahari ili usiwake sana, ufuke tu mpaka yabaki majivu. Majivu hayo hutiwa katika chujio kubwa, maji ya bahari humwagwa juu yake, na kinachodondoka chini ni maji makali sana ya chumvi.

Hapo ndipo kazi ya jikoni hasa inapoanza. Maji hayo hutiwa katika vyungu vya udongo vilivyopangwa safu juu ya tanuri, na kila yanapopungua mtu huongeza mengine, saa baada ya saa, hadi chungu kijae chumvi iliyogandamana ngumu kama jiwe. Mwishowe kitako cha chungu hupasuka kwa joto, na chumvi hujitokeza kama yai kubwa. Huuzwa hivyo hivyo pamoja na chungu chake. Nyumbani mama huikwangua juu ya wali, nayo ina harufu kidogo ya moshi.

Hebu piga hesabu mwenyewe: makumbi, miezi mitatu, kuni, vyungu ambavyo kila kimoja hutumika mara moja tu, na saa za kukaa mbele ya moto. Na baada ya yote hayo unapata nini? Unapata chumvi, kitu ambacho mtoto hutumwa dukani akirudi na chenji. Zamani watengenezaji wa Bohol waliweza kuibadilisha kwa mpunga kwa watu wa bara, na familia ikala mwaka mzima. Siku hizi kijana anayepata kibarua mjini haoni kwa nini akae penye moshi. Familia zilizobaki na kazi hiyo ni za kuhesabu kwa vidole.

Halafu ikaja sheria. Desemba 1995 Ufilipino iliamua kwamba chumvi yote ya kula itiwe madini joto. Kwa kifupi sheria hiyo huitwa ASIN, na neno asin katika lugha yao ndiyo chumvi. Sisi hatuwezi kuisema vibaya sheria hiyo. Miaka hiyo hiyo nasi huku tulikuwa tukihimizwa kununua chumvi yenye madini joto, na mama aliyewahi kuona mtu mwenye rovu, au mtoto aliyezaliwa na akili nzito kwa sababu mama yake alikosa madini hayo, hahitaji kuhubiriwa. Hata hivyo tuseme ukweli: kiwanda kikubwa chaweza kununua mashine ya kunyunyizia madini, mzee mwenye safu mbili za vyungu hawezi. Na chumvi iliyoganda kama jiwe utaichanganya vipi? Wadogo wengi waliacha. Sheria haikuwa sababu peke yake, kwani chumvi ya bei rahisi kutoka nchi za nje ilikuwa ikiingia kwa wingi. Basi nchi iliyozungukwa na bahari pande zote ikafika mahali pa kuagiza nje zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chumvi yake. Machi 2024 rais wa nchi hiyo alitia sahihi sheria nyingine ya kuinua upya utengenezaji wa chumvi. Kama itamfikia mwenye vyungu wa Alburquerque, au itaishia kwa wenye mashamba makubwa ya chumvi, hilo ndilo sisi tungependa kulisikia.

Katika kisiwa cha Guimaras iko chumvi nyingine ya namna hiyo iitwayo tultul. Hii hutokana na majivu ya magogo na vijiti vinavyoletwa ufukweni na mawimbi, na wakati wa kuchemshwa hutiwa tui la nazi. Hutoka kama tofali. Nayo imebaki kwa wachache.

Kutoka kwenye chumvi tuingie kwenye ukali, kwa maana Wafilipino ni watu wa kupenda vitu vikali kuliko sisi. Katika visiwa vya Panay na Negros kuna tunda la mviringo, la kijani, liitwalo batuan. Ndilo linalotiwa katika chakula chao mashuhuri cha mbaazi, nyama ya nguruwe na fenesi bichi. Mama msomaji, mbaazi na fenesi vyote unavijua. Ladha ya batuan tu ndiyo usiyoijua. Mti wake kwa kawaida hujiotea wenyewe porini, na huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, kwa hiyo shamba likisafishwa kwa ajili ya miwa hakuna anayeupanda tena. Kaskazini mwa kisiwa cha Mindanao wana tunda jingine, tabon-tabon, lenye ganda la rangi ya udongo. Hupasuliwa, nyama yake hukwanguliwa na kukamuliwa pamoja na siki, na maji yake huondoa shombo ya samaki mbichi. Wachimbaji wa mambo ya kale katika mji wa Butuan walikuta vipande vya tabon-tabon lililopasuliwa vikiwa pamoja na mifupa ya samaki, mahali penye mabaki ya karne nyingi zilizopita. Waandishi Edilberto Alegre na Doreen Fernandez wameieleza habari hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1991 kuhusu samaki wa siki. Kwa hiyo mama wa Butuan wa zama zile na mama wa leo wa Cagayan de Oro wamesafisha samaki kwa tunda lile lile.

Mshindani wa matunda hayo ni pakiti. Katika maduka ya Manila zimejaa pakiti za unga mkali wa kutia kwenye mchuzi; unakata, unamimina, umemaliza. Hatuwezi kumlaumu mama wa Manila. Anaondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, anakaa katika msongamano wa magari ambao Dar es Salaam na Nairobi zinaujua vizuri, anarudi usiku na watoto wana njaa. Atakwenda wapi kutafuta batuan? Lakini unga huo wote una ladha moja. Mahali palipokuwa na ukali wa namna tano au sita, wa ukwaju, wa mbirimbi, wa batuan na kadhalika, umebaki ukali mmoja kwa nchi nzima.

Katika habari ya samaki sisi wa Afrika tumo ndani, ingawa bila kujua. Kusini mwa kisiwa cha Luzon, katika jimbo la Camarines Sur, liko ziwa liitwalo Buhi. Humo aliishi samaki aitwaye sinarapan, ambaye urefu wake ni kama milimita 12 au 13 tu. Dagaa wa Kigoma mbele yake ni jitu! Inasemekana hakuna samaki mdogo kuliko huyo anayevuliwa kwa ajili ya kuliwa. Wanawake wa Buhi walimtandaza juu ya majani, wakamkausha juani akashikana kama mkate mwembamba, kisha wakamkaanga. Ilikuwa kitoweo cha mtu asiye na fedha, chenye mifupa na vyote, kizuri kwa watoto wanaokua.

Kisha watu wakaanza kumvua kwa nyavu zenye matundu madogo mno, na samaki wageni wakaletwa ziwani. Mmojawapo wa wageni hao unamjua: ni jamii ya perege na sato. Perege wa Msumbiji alifikishwa Ufilipino mwaka 1950, na sato mwaka 1972. Wote ni samaki wa kwetu. Leo sato ni kitoweo cha kila siku kwa Wafilipino maskini, na tungekuwa hatusemi haki tukimwita adui. Lakini sinarapan alikaribia kuisha kabisa katika Ziwa Buhi, akabaki katika maziwa madogo ya jirani. Akina mama wa Mwanza, Musoma na Kisumu hawatashangaa. Wao waliona furu wakiliwa na sangara katika Ziwa Victoria, naye sangara aliletwa na binadamu kwa nia njema vilevile.

Ladha nyingine inayohitaji jasho ni ile inayofanana na pepeta yetu. Katika mji wa Santa Rita, jimbo la Pampanga, mwishoni mwa mwaka huvunwa mpunga wa kunata ungali kijani, hukaangwa na kutwangwa kwa mchi. Wao huita duman. Ni kazi ya wachache, bei yake ni kubwa, na wenye nayo huila na maziwa au chokoleti karibu na Krismasi. Kwetu pia, ni wasichana wangapi wanaojua kutwanga pepeta?

Kuna kimoja ambacho kinapotea huku kikipendwa na dunia nzima, nacho ni kiazi kikuu cha zambarau, ubi au ube. Kwa watu wa Bohol kiazi hiki ni cha heshima, hata kikianguka chini mtu hukiokota na kukibusu, na aina yao yenye harufu nzuri kuliko zote huitwa kinampay. Katika miaka ya karibuni rangi yake imependwa mpaka Marekani na Ulaya, katika keki, aiskrimu na hata vinywaji. Ungefikiri wakulima wametajirika. Ukweli ni kwamba vitu vingi vya zambarau vinavyouzwa kwa jina lake vimetiwa rangi na ladha ya chupa. Mwaka 2019 masista wa Good Shepherd katika mji wa Baguio, ambao jamu yao ya ube inajulikana nchi nzima na hutumika kuwasomesha vijana wa milimani, walikosa viazi vya zambarau vya kutosha. Wangeweza kutia rangi, na ni nani angejua? Wao walipika jamu ya viazi vikuu vyeupe, wakaiuza ikiwa nyeupe, wakawaeleza wateja sababu. Watu walipanga foleni kuinunua.

Sasa tuseme jambo ambalo vitabu vya mapishi haviligusi sana. Mwaka 2023 Wafilipino zaidi ya milioni 2 walikuwa wakifanya kazi nchi za nje, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Wengi ni akina mama. Wanapika, wanafua na kulea watoto wa watu katika nyumba za Saudia, Kuwait, Dubai na Hong Kong. Dada zetu waliokwenda Omani na Ghuba wanawafahamu. Wamefanya nao kazi katika jiko moja, wakafundishana kupika wali wa Kiarabu ambao si wa huku wala wa kule. Fedha anayotuma mama huyo inajenga nyumba ya matofali na kulipa ada. Lakini wakati anapomkatia vitunguu mtoto wa mwajiri wake, binti yake mwenyewe yuko Bohol na bibi, na kama bibi ana nguvu atamfundisha. Kama hana nguvu, pakiti iko dukani, na fedha ya kuinunua imetumwa.

Sisi tunaona kwamba upotevu mkubwa wa chakula unatokea hapo, katika ile miaka saba au kumi ambayo binti alipaswa kusimama karibu na mama yake akishika mwiko. Mapishi ya namna hii hayana vipimo. Mtu hujua kwa kuangalia kama maji ya chumvi yameiva, na kwa kunusa kama tunda limefaa. Barua haiwezi kueleza, wala simu, ingawa siku hizi akina mama hao huonyesha mapishi kwa simu ya picha usiku wa manane, kazi za mwajiri zikiisha, mtoto akiwa ameweka simu karibu na sufuria. Tunawastahi kwa hilo.

Mwisho tuje kwenye Ijumaa Kuu. Katika visiwa vya kati, hasa Cebu na Bohol, watu hawali nyama siku hiyo, na nyumba nyingi hupika sufuria kubwa ya binignit. Fikiria futari ya magimbi, viazi vitamu na ndizi, ila hii hutiwa sukari, fenesi bivu na viazi vikuu vya zambarau, ikawa nzito kama uji. Majirani hupelekeana mabakuli. Ndani yake wazee hutafuta landang, punje ndogo za wanga zinazoteleza mdomoni.

Landang hutoka katika shina la buri, mti mkubwa wa jamii ya minazi na mivumo. Mti huu hukaa miaka 30 na zaidi bila kuchanua, ukijiwekea wanga ndani. Mwisho wa uhai wake huchanua mara moja tu, maua mengi ya ajabu kileleni, huzaa, hufa. Mwenye kutaka landang lazima aukate kabla ya kuchanua, kwa sababu ukishachanua wanga wote umetumika. Moyo wa shina husagwa, wanga huoshwa na kuachwa utuame, kisha hufanywa punje na kukaushwa. Maana yake ni kwamba anayekata buri leo anakula alichoachiwa na babu, na akitaka mjukuu wake ale naye apande sasa. Wachache wanapanda. Kwa hiyo katika sufuria nyingi landang imeondoka, na mahali pake zimeingia punje za wanga wa muhogo, ambazo ni rahisi na zipo kila duka.

Kwa mama atakayependa kupika binignit kwa ajili ya Ijumaa Kuu ijayo, hata sisi itatubidi tutumie muhogo. Nunua sagu kikombe kimoja katika maduka yanayouza vyakula vya Kihindi, uiloweke kwa nusu saa. Menya magimbi manne madogo, kiazi kikuu kipande kimoja, viazi vitamu vitatu na ndizi tano za kupika zilizoiva, ukate vipande vya kutosha mdomo. Kuna nazi mbili, utenge tui zito. Bandika magimbi na kiazi kikuu kwanza ndani ya tui jepesi, kwa kuwa hukawia kuiva. Yakianza kulainika tia viazi vitamu, kisha ndizi, kisha kikombe kimoja cha fenesi bivu lililochambuliwa na sukari kiasi upendacho. Mimina sagu ukikoroga polepole mpaka punje ziwe kama kioo. Tia tui zito mwishoni kabisa, lisichemke sana, halafu epua. Yaliwa ikiwa moto, na iliyobaki yaliwa baridi kesho yake.